Sakafu ya Nkambo

Wiki iliyopita nilimsindikiza binti yangu hadi Kasapa, kule chuoni, kufuata karatasi zake za masomo. Ilikuwa asubuhi mapema, na wewe unaijua baridi ya mwezi wa sita hapa Lubumbashi: mtu akifungua kinywa mvuke unamtoka, na masikio yanauma kama yamefinywa. Ofisi zilikuwa bado zimefungwa. Tukaingia katika ujia mrefu ili kukimbia upepo, na mle ndani mama mmoja mfagiaji alikuwa ametoka tu kupaka sire, ile nta nyekundu ya sakafuni. Harufu yake ilinipokea mlangoni: nta, mafuta ya taa, kitambaa cha blanketi la zamani. Niliangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikavua viatu, nikarudi nyuma hatua nne, nikakimbia na kujiachia.

Niliteleza vizuri, usicheke. Kwa umri wangu, na kwa uzito huu ambao sitakutajia, nilipita milango mitatu mizima nimefungua mikono, kabla sijaushika ukuta.

"Mama! Unafanya nini vile?" binti yangu alisema kwa sauti ya chini, ile ya kugomba bila kusikika. "Bantu banaangalia!"

"Baangalie," nilimjibu. "Banaweza kujifunza kitu."

Mfagiaji alicheka hadi akakaa juu ya ndoo yake. Binti yangu hakucheka. Alisogea mbali kidogo, akasimama kama mtu aliyekuja Kasapa peke yake. Njiani, tukirudi, nilianza kumweleza mambo ya sakafu ya nkambo, lakini alikuwa na simu yake, na simu ina maneno matamu kuliko mimi. Basi nakueleza wewe.

Nilikulia Kenya. Nasema Kenya komini yetu, sehemu moja ya mji huu wa Lubumbashi, siyo ile nchi. Wageni hutuchanganya kila mara, na sisi huwaacha wachanganyikiwe kwa raha zetu. Parsele yetu, yaani kiwanja chetu na nyumba yake, ilikuwa jirani na mafundi wa mabati, wale wanaotengeneza mbabula, majiko ya makaa. Nyundo zao ndizo zilizokuwa saa ya mtaa mzima. Zikianza, mama alijua mandazi yake ya kuuza yamechelewa. Zikinyamaza, tulijua bukari, ugali wetu, inasongwa na ni wakati wa kunawa mikono. Mpaka leo nikikaa mahali pa kimya sana nasikia njaa bila mpangilio.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Baba na mama walikuwa na chumba chao. Kaka yangu mkubwa alilala katika kile cha pili, pamoja na magunia ya unga na makaa, na asubuhi hukuweza kujua ametoka usingizini au mgodini. Mimi na mdogo wangu wa kike tulilala sebuleni kwenye godoro moja pamoja na nkambo. Nkambo, kwetu, ni mzazi wa mzazi wako. Huyu alikuwa mama wa baba. Alikuja kutoka kijijini, upande wa Luapula, baada ya kufiwa na mume wake, na kabla hajakubali kupanda gari baba alimwahidi chumba. Hakumwahidi kona wala kitanda cha kukunja. Alimwahidi chumba chenye dirisha, na mlango wa kufunga kwa ufunguo.

Baba hakuwa mwongo. Mwaka uleule nkambo alipofika, alitafuta saruji, akachimba msingi nyuma ya nyumba, akamwaga sakafu nzuri sana, hatua sita kwa tano, akailainisha kwa mwiko mpaka ikawa kama sahani. Halafu kazi ikapungua kule karakana alikokuwa fundi mitambo, na kuta zikakwama kabla hazijaanza. Sakafu ikabaki peke yake chini ya anga, kati ya choo na bustani ya lengalenga, mchicha wetu.

Watu wengine wangeanika mihogo pale. Nkambo alihamia.

Kila asubuhi baada ya kunywa chai alibeba kigoda chake, akaenda kukaa kwenye sakafu yake. Alichora kwa kaa la mkaa mahali pa kitanda, mahali pa sanduku la nguo, mahali pa dirisha ili jua la asubuhi limfikie miguuni. Na mlango. Mlango ulikuwa upande wa nyumba kubwa, upana wa hatua moja, na hapo ndipo watu wote walitakiwa kupita. Ukitaka kumsalimu nkambo, ulisimama kwenye mlango ule wa hewa, ukasema hodi, ukangoja. Akikujibu "Pita," uliingia. Asipokujibu ulibaki nje, ingawa nje na ndani palikuwa palepale.

Jirani yetu, mama mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, ambaye yeye na mume wake walikuwa wakiuza marobota ya nguo za mitumba kwa jumla, alikuja siku moja kumwamkia. Kwa haraka zake za kibiashara akakata kona, akapitia upande wa bustani.

"Mama, ulipitia wapi?" nkambo akamwuliza.

"Si hapa tu, mama."

"Pale njo ukuta. Rudia, upitie ku mulango."

Yule mama aliangalia chini, akaangalia juu, akaniangalia mimi. Mimi nilimwonyesha mlango kwa kidole. Basi akarudi, mtu mzima na heshima zake, akazunguka mpaka kwenye mlango, akasema hodi, akakaribishwa vizuri sana na kupewa kigoda. Tangu siku ile hakukosea tena, na nadhani alimpenda nkambo kuanzia hapo.

Sasa sire. Kwa nkambo, chumba kisichong'aa kilikuwa ni zizi. Alipokuwa msichana aliwahi kukaa kwa mjomba wake katika kambi moja ya wafanyakazi, na kule nyumba zote zilikuwa na sakafu nyekundu za kujiona uso. Aliapa kwamba akija kupata saruji yake mwenyewe, itang'aa vile. Sire ya dukani haikuwa rahisi kuipata, kwa hiyo aliitengeneza. Umeme ulikuwa ukikatika kila siku, ndiyo maana vipande vya mishumaa havikukosekana. Sisi watoto tulivikusanya nyumba kwa nyumba, na sakristia ya kanisa ilitupa vingine. Aliviyeyusha katika kopo la nyanya juu ya mbabula, akaliondoa motoni, akalipeleka mbali na makaa, akatia mafuta ya taa na rangi nyekundu kidogo, akakoroga kwa kijiti na kutufukuza tusisogee. Ikipoa, ilikuwa sire.

Yeye alipaka, akiwa amepiga magoti. Kung'arisha ilikuwa kazi yetu, na kung'arisha hakukufanywa kwa mikono. Alitukatia vipande vya blanketi kuukuu, kila mtoto viwili, ukavikanyaga, kimoja kila mguu, ukaanza kuburuta miguu mbele na nyuma, mbele na nyuma, kiuno kikicheza. Siku ya kwanza tulilalamika. Siku ya pili kaka yangu alikimbia kidogo kabla ya kuburuta, na blanketi likamchukua kutoka kitandani kwa nkambo mpaka dirishani bila yeye kuinua mguu. Halafu tukaanza kupigania foleni.

Hapo nisikilize vizuri, maana watu wa nchi za joto hawalijui jambo hili. Sire inapenda baridi. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, saruji iliyolala nje inapoa hadi ndani kabisa, na nta juu yake inakuwa ngumu na laini kama kioo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukishapangusa umande, ungeweza kujirusha kwa hatua mbili na kufika upande wa pili. Lakini jua likipanda juu ya paa la mafundi wa mabati, nta inalegea, inaanza kushika blanketi, na saa nne mchezo umekwisha. Kwa hiyo sisi tuliiombea baridi iongezeke. Mwaka ambao asubuhi moja maji katika beseni la mama yalikutwa na ganda jembamba la barafu juu yake, tulishangilia kama watu waliofunga bao.

Blanketi zilichakaa upesi, na hapo mama wa Kivu akatuokoa. Katika marobota yake kulikuwa na soksi nyingi zilizopoteza wenzake, soksi nene za sufu ambazo hakuna mteja angezinunua moja moja. Alitumwagia mfuko mzima. Basi ungetuona asubuhi: mguu mmoja wa kijani, mwingine wa mistari, sweta mbili mbili, makamasi, na furaha. Tulikuwa na mitindo. Kulikuwa na treni, ambapo watoto sita wanashikana viuno na wa mbele anajuta. Kulikuwa na kuteleza kwa kuchuchumaa. Kulikuwa na mtindo wa kaka yangu wa kuteleza kinyumenyume akiwa amekunja mikono kifuani kama mkurugenzi, na mara mbili aliishia katika lengalenga akiwa bado amekunja mikono.

Jumapili moja mama wa Kivu alitualika kwake kutazama televisheni, na tukaona watu wa Ulaya wakiteleza juu ya ziwa lililoganda, wamevaa viatu vyenye visu. Mdogo wangu alitazama kwa makini sana, halafu akauliza, "Basi, beko na nkambo wao?" Alidhani sakafu kama ile haiwezi kuwepo bila mwenyewe aliyekaa juu ya kigoda.

Na kweli nkambo alikaa pale muda wote, pembeni, mahali pa sanduku, amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Mbabula yake ilikuwa na viazi vitamu ndani ya majivu. Tuliposema hodi alijibu pita, na tulipoanguka alisema, "Simama, usiniharibishie chumba." Mama alipita na beseni la mandazi kichwani akienda sokoni, akatudondoshea manne, na nkambo aliyagawa kwa kukata na uzi ili asiwepo wa kulia. Harufu ya mandazi, viazi na sire pamoja: nikikuambia kwamba sijawahi kunusa manukato yanayoishinda, utasema natia chumvi. Sitii.

Lakini nkambo alikuwa akikohoa. Baridi tuliyoiombea sisi ilimwingia yeye kifuani. Sebuleni tulikolala mlango uliachia upepo chini, na mama alikuwa akitoka na kuingia tangu alfajiri kwa ajili ya mafuta na unga wake, kila mara na kipande kipya cha baridi nyuma yake. Kila mwaka, majani yakianza kukauka, nkambo alianza kukohoa, na kila mwaka baba alimwambia, "Mama, mwaka hii njo mwaka." Nkambo aliitikia vizuri. Alingoja baridi ya kwanza, akangoja ya pili. Kabla ya ile ya tatu alipungua sana, na akikata mandazi kwa uzi alipumzika kabla ya kufika la nne.

Ndipo mwezi wa saba wa mwaka ule wa tatu lori likarudi nyuma langoni na kumwaga matofali ya kuchoma. Baba alikuwa amerudishwa kwenye kazi ya kila siku. Alishuka kutoka kwenye lori akiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akasimama kwenye mlango wa hewa. "Hodi, mama," alisema. "Ukuta imefika."

Nkambo alipiga kigelegele ambacho mafundi wa mabati walikisikia, maana nyundo zilisimama. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nilipiga kigelegele pia, kwa shingo upande. Niliangalia lile rundo la matofali na nikafanya hesabu yangu: ukuta hapa, ukuta pale, kitanda katikati, na sisi tutatelezea wapi?

Fundi mwashi alikuwa jirani wa barabara ya pili, mtu mpole, mwenye kofia ya sufu hata saa saba mchana. Alianza Jumanne. Kufikia jioni alikuwa amepandisha mistari mitatu ya matofali kuzunguka sakafu yote, imenyooka kama kamba, na amemwachia nkambo mlango wake palepale alipouchora. Jumatano asubuhi alirudi kuendelea. Aliinama kuangalia usawa, goti lake likagusa ukuta wa upande wa bustani. Ukuta ukasogea.

Haukuanguka. Ungeanguka ingekuwa nafuu. Ulisogea mzima mzima, mistari mitatu pamoja, polepole, kwa kiasi cha kiganja, ukasimama. Fundi alivua kofia. Akasukuma kwa mkono, nao ukaenda tena. Kaka yangu alitoa sauti ya ajabu puani, akijizuia, na kusema kweli hata ukuta wenyewe ulikuwa na mtindo.

"Hii pavement, muliipakaka nini?" fundi akauliza.

"Sire," nkambo akajibu.

"Sire? Tangu siku gani?"

"Tangu siku baliimwanga."

Fundi akakaa chini. "Mama, ciment haishikake pahali iko na mafuta. Hapa ata ukijenga kanisa, itateleza."

Baba aliitwa. Alitazama, akashika kichwa. "Mama, sire ku chantier, pahali tunajenga?"

"Kwangu haikukuwaka chantier," nkambo alisema. "Ilikuwaka chumba."

Fundi, kwa upole wake, alieleza yaliyobaki. Matofali yatolewe yote. Mahali pote pa kukalia ukuta, upana wa viganja viwili, pachongwe kwa patasi ya chuma mpaka nta iishe na saruji iwe na meno. Ni kazi ya wiki nzima kwa mtu mmoja. Na yeye Jumatatu alikuwa anasafiri kwenda Likasi kwa kazi ndefu ambayo alishaitolea neno. Akirudi, mvua zitakuwa zimeanza, na itabidi kungoja baridi nyingine. Aliposema baridi nyingine, wote tulimtazama nkambo, halafu tukaacha kumtazama.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilifurahi. Ukuta uliposogea, moyo wangu uliruka kwa furaha, na nilipoyasikia mambo ya Likasi na mvua nilifurahi zaidi. Nilikuwa nampenda nkambo kuliko watu wengi duniani, na usiku nilihisi kikohozi chake mgongoni mwangu kama mtu anayebisha, na bado nilifurahi. Jioni ile tuliyatoa matofali, nami nilikuwa nayapanga kando huku nikiwaza kwamba asubuhi kutakuwa na baridi nzuri.

Ilikuwepo kweli. Alhamisi tuliamka majani yakiwa meupe kwa umande ulioganda. Tukavaa soksi zetu za ajabu, tukakimbia nyuma, mimi mbele. Nkambo alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda chake, ametupa mgongo. Hakuwasha mbabula.

"Hodi," tukasema.

Hakujibu. Tulifikiri hakusikia. Tukasema tena, tukasema mara ya tatu. Tulisimama pale kwenye ule mlango na soksi zetu zikaanza kulowa umande, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuweka mguu ndani, maana kwa miaka mitatu hatukuwahi kuingia bila kuambiwa pita.

"Ba nkambo," mdogo wangu akasema, "shiye tuko huku inje."

"Chumba haiko," nkambo alisema bila kugeuka. "Mupite tu. Muteleze."

Sijawahi kupewa ruhusa iliyoniuma vile. Sakafu ilikuwa mbele yetu, nyekundu, ngumu, inang'aa kuliko siku nyingine yoyote, na hakuna aliyetaka kuikanyaga. Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni, kana kwamba nilichofurahia jana kimeandikwa kwenye paji la uso wangu. Niligeuka nikakimbia. Nilikwenda na soksi vilevile mpaka kwa mafundi wa mabati, nikamwomba mkubwa wao nyundo na patasi, nikilia na kueleza kwa pamoja, wala sidhani alielewa zaidi ya neno nkambo. Lilitosha. Alinipa patasi tatu na nyundo tatu, na akanifunga kitambaa mkononi ili nisichubuke.

Nilianzia pembe ya upande wa choo. Pigo la kwanza liliteleza, la pili pia, kumbe hata chuma kilikuwa kinacheza. La tatu likashika. Kipande chekundu kikaruka, na chini yake saruji ilikuwa ya kijivu, mbichi, kama siku ilipomwagwa. Kaka yangu alichukua nyundo ya pili bila kusema kitu. Mdogo wangu alikusanya vipande kwenye kopo la nyanya. Nkambo alikuwa bado ametupa mgongo.

Tulichonga Alhamisi yote. Baba alipotoka kazini alichonga mpaka hakukuwa na mwanga. Ijumaa mama hakwenda sokoni, akachonga, na watoto wote wa ile treni walikuja na misumari mikubwa, mawe, chochote. Mama wa Kivu alituma vijana wake wawili wa kubeba marobota, wenye mikono ya kuvunja mlima, na yeye mwenyewe akaja nyuma yao na ndoo ya majivu ya kusugulia. Alikuwa na haraka, kama kawaida. Akakata kona upande wa bustani.

"Wee mama!" sauti ilisema. "Unapita tena mu ukuta?"

Ilikuwa sauti ya nkambo. Alikuwa amegeuka na kigoda chake. Mama wa Kivu aliweka ndoo chini, akazunguka mpaka mlangoni, akasema hodi, na nkambo akasema pita. Nakwambia, wote tuliosikia lile neno tulipiga nyundo kwa kasi nyingine. Baadaye nkambo alishuka kwenye kigoda akapiga magoti yeye pia, akasugua kwa majivu na mchanga sire aliyoipaka kwa mkono wake mwenyewe, akiitukana kwa Kibemba, lugha ambayo aliitumia kwa mambo mazito tu.

Jumamosi asubuhi fundi alikuja na kikombe cha maji. Alikuwa na mtihani wake: anamwaga maji kidogo juu ya saruji. Yakijikusanya na kukimbia kama shanga, nta bado ipo, yakizama, imekwisha. Alizunguka sakafu nzima, akimwaga hapa, akimwaga pale, na sisi nyuma yake kama watu wa maandamano. Mahali pawili maji yalikimbia, na tuliporomokea hapo na nyundo zetu kabla hajasema lolote. Kisha akaurudia mzunguko. Maji yalizama kila alipomwaga. "Bon," alisema, akavaa kofia yake. "Leteni tofali."

Alijenga Jumamosi na Jumapili baada ya misa, watu wakimpa matofali mkono kwa mkono, na Jumatatu akaondoka Likasi akiacha kuta zimefika kimo cha dirisha. Baba alimalizia mwenyewe, jioni kwa jioni. Mwezi wa nane bati likapanda na mlango ukawekwa, mlango wa mbao wenye kitasa na ufunguo. Nkambo aliingia ndani peke yake. Tulisikia ufunguo ukizunguka, ukafungua, ukafunga, ukafungua. Alipotoka uso wake ulikuwa wa msichana. Ndani, katikati, sire ilikuwa bado ipo yote, maana tulichonga mahali pa kuta tu, na jua la asubuhi lilipita dirishani likaanguka juu ya ile nyekundu, likafika kwenye miguu ya kitanda. Kikohozi chake kilipungua kabla hata mvua hazijaja.

Usiku wa kwanza alilala kwake. Mimi na mdogo wangu tulikuwa na godoro zima la sebuleni kwa mara ya kwanza maishani, tukajinyoosha kama matajiri. Asubuhi nilipoamka sikuweza kusogeza mkono. Nkambo alikuwa amelala katikati yetu, na ufunguo wake shingoni kwenye kamba.

Mama aliyekuwa anakoroga unga alimwuliza kama kule chumbani kulikuwa na baridi.

"Hapana," nkambo alisema. "Kule kuko muzuri. Kuko muzuri sana." Akaushika ufunguo wake. "Lakini kuko kimya."

Jioni ile alitubebesha godoro letu, akatupeleka kwake. Ndivyo chumba alichokingoja baridi tatu kilivyokuwa cha watu watatu, na wakati mwingine wanne, kaka yangu alipochoka na magunia yake. Asubuhi za baridi tulisukuma kitanda ukutani, tukateleza. Ilikuwa safari fupi, unaanza tu na umefika, na jua halikuweza kutuharibia tena. Nkambo alikaa kitandani amejifunika, akatuambia tusimharibishie chumba. Aliishi mle baridi nyingine nne.

Sasa parsele ile ina wenyewe wengine. Mafundi wa mabati wamehama, sakafu za siku hizi ni karo, vigae ambavyo vinafutwa kwa maji tu, na sijui kama kuna mtoto hata mmoja Lubumbashi anayeombea baridi. Mimi nakaa mtaa wa Hewa Bora, katika nyumba tuliyojenga na mume wangu kwa miaka mingi na kwa kujibana. Kila mtoto wetu ana chumba chake. Kila mlango una ufunguo, nililisimamia hilo mwenyewe, na fundi alinicheka. Siku ile tuliporudi kutoka Kasapa, binti yangu aliingia chumbani kwake, akafunga. Dada yake alikuwa amefunga. Kaka yao alikuwa amefunga. Nilibaki ujiani na mkoba wangu, nyumba nzima imetulia, na nikawaza kwamba nkambo angeipenda sana nyumba hii, angepita mlango kwa mlango akizungusha funguo zote. Halafu usiku ungeingia, na asubuhi tungemkuta amelala katikati ya watoto.